Jina Halirushi Makonde

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hiyo ndiyo methali iliyotumiwa kumpokonya Laila Ali sifa zake katika mjadala wetu wa muhula wa pili, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mada ilikuwa "Ndondi si mchezo wa msichana". Wapinzani wa hoja walimtaja Laila, mwanamke aliyepanda ulingoni mara 24 akashinda mara 24. Watetezi wa hoja wakajibu kwa kicheko, "Ah! Huyo si ni binti ya Muhammad Ali? Angeshindwaje?" Ukumbi mzima ukapiga makofi, kengele ya prepu ikalia, nasi tukaenda zetu.

Mpenzi msomaji, makofi si hoja. Maoni yangu ni haya, nami nayasema peupe. Jina la baba lilimfungulia Laila mlango, hilo silikatai hata kidogo. Lakini mlango ukishafunguliwa na kengele ya raundi ya kwanza ikalia, jina hubaki nje ya kamba pamoja na watazamaji. Na tukikubali hivyo, inatubidi tujiulize kuhusu wasichana ambao baba zao hawana jina lolote, wakiwemo wale wanane wa shule yetu walionyimwa glavu mwaka huu. Hao nitawarudia. Kwanza tumfahamu Laila mwenyewe, kwani wengi waliompigia makelele siku ile hawakuwa wanajua habari zake.

Laila Ali alizaliwa tarehe 30 Desemba 1977 huko Miami Beach, Marekani. Mama yake ni Veronica Porché. Baba yake alipigana pambano lake la mwisho mwezi wa Desemba 1981, wakati Laila hajatimiza hata miaka minne. Mwaka wa 1984 baba akapatikana na ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kuufanya ulimi kuwa mzito. Mwaka wa 1986 wazazi wakatalikiana. Kwa hivyo wale wanaodhani kwamba Muhammad Ali alimwamsha bintiye kila alfajiri kumfundisha kurusha konde la kushoto, wamepotea njia. Kweli damu ni nzito, lakini damu haifundishi mtu kukwepa ngumi.

Isitoshe, ujana wake haukuwa wa kumezea mate. Alikamatwa kwa wizi wa dukani, akafungiwa kama miezi mitatu katika kituo cha kurekebisha vijana. Mambo hayo ameyasimulia mwenyewe hadharani bila kuyaficha. Alipotoka huko alijirudi, akasomea biashara katika chuo cha Santa Monica, kisha akafungua duka la kupamba kucha. Naam, kucha! Ungepita pale dukani ungemwona binti mrefu wa sentimita 178 ameinamia vidole vya wateja wake, wala usingedhani kwamba mikono ile ingekuja kuwaangusha watu Berlin na New York.

Ni nini basi kilichomtoa dukani? Ni mwanamke mwingine. Alikuwa na umri wa miaka 18 alipomwona Christy Martin kwenye televisheni akipigana. Martin ndiye aliyewafanya Wamarekani wajue kwamba kuna ndondi za wanawake. Mnamo Machi 1996, huko Las Vegas, alipigana na Deirdre Gogarty wa Ireland usiku ule ule Mike Tyson alipopambana na Frank Bruno. Tyson alimmaliza Bruno katika raundi ya tatu, watu hata hawajakaa vizuri. Martin naye alipigana raundi sita pua ikivuja damu, akashinda kwa pointi. Waliokuja kumtazama Tyson walirudi makwao wakimzungumzia Martin. Laila aliposema kwamba naye anataka kuwa bondia, baba yake hakufurahi, maana aliijua vizuri hatari ya kazi hiyo. Ona basi: mtu mnayesema alimbeba bintiye, ndiye aliyetaka bintiye abaki nyumbani.

Sasa nije kwenye hoja zenyewe. Hoja ya kwanza ya watetezi ni kwamba Laila alishinda kwa jina. Hapa kuna ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kuliko uongo mzima. Tarehe 8 Oktoba 1999 Laila alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza katika mji wa Verona, jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 21. Waandishi wa habari walijaa pomoni. Mpinzani wake, April Fowler, alidumu sekunde 31 tu. Ningekuwa mwongo nikisema kwamba bondia mgeni mwenye jina lisilojulikana angepata kamera zote zile siku yake ya kwanza. Hilo ni jina tu lililofanya kazi.

Lakini ngoja kwanza. Tarehe 8 Juni 2001, katika mji uo huo wa Verona, Laila alikutana na Jacqui Frazier-Lyde, binti ya Joe Frazier. Nyote mnajua, au wazee wenu wanajua, jinsi baba zao walivyopigana mara tatu. Mwaka wa 1971 Frazier alishinda, mwaka wa 1974 Ali akashinda, na mwaka wa 1975 huko Manila Ali akashinda tena baada ya wote wawili kukaribia kufa kwa uchovu. Jacqui alikuwa mwanasheria na mama wa watoto, mwenye umri wa miaka 39. Laila alikuwa na miaka 23. Hilo ndilo lililokuwa pambano la kwanza la wanawake kuwa pambano kuu katika usiku wa ndondi za televisheni ya kulipia. Walipigana raundi zote nane. Waamuzi wawili walimpa Laila ushindi na wa tatu akasema ni sare.

Je, usiku ule jina lilimsaidia nini Laila? Yeye alikuwa na Ali, mwenzake alikuwa na Frazier. Ukitoa jina kwa jina, kinachobaki ni mikono, miguu na pumzi. Jina lingekuwa linarusha makonde, basi wale wawili wangepigana mpaka leo.

Baada ya hapo mikanda ikaanza kuja. Tarehe 17 Agosti 2002, Las Vegas, Laila alimshinda Suzette Taylor katika raundi ya pili akatwaa mkanda wa IBA katika uzani wa kilo 76. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo alimsimamisha Valerie Mahfood katika raundi ya nane, akakusanya mikanda mingine. Tarehe 23 Agosti 2003, huko Biloxi, Mississippi, alikutana na Christy Martin, yule yule aliyemtia hamu ya ndondi kwenye televisheni. Akamwangusha katika raundi ya nne. Mnamo Juni 2005 mjini Washington alimshinda Erin Toughill katika raundi ya tatu akapata mkanda wa WBC, usiku ule ule Mike Tyson alipokataa kuendelea mbele ya Kevin McBride. Mwisho wa mwaka huo akaenda Berlin na kumshinda Åsa Sandell wa Uswidi. Novemba 2006 alimshinda Shelley Burton katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Huo ndio ukumbi ambamo Joe Frazier alimpiga Muhammad Ali mwaka wa 1971. Ikiwa mnataka kusema habari za jina, basi semeni yote: mahali baba alipoangushwa, binti alisimama.

Pambano lake la mwisho lilipigwa katika bara letu hili la Afrika, tarehe 3 Februari 2007, huko Kempton Park karibu na Johannesburg. Gwendolyn O'Neil wa Guyana hakumaliza dakika moja. Laila akavua glavu akiwa na umri wa miaka 29. Mapambano 24, ushindi 24. Katika hayo, 21 aliyamaliza kabla ya raundi kwisha na matatu tu ndiyo yaliyoamuliwa kwa pointi.

Hoja ya pili ya watetezi ilikuwa nzito zaidi, nami sitaikwepa. Mmoja wao, kijana ninayemheshimu kwa kusoma magazeti, alisema ati Laila aliwapiga wanyonge. Alitoa mifano miwili. Wa kwanza ni Christy Martin. Ni kweli, siku ile Martin alikuwa na miaka 35, alikuwa mfupi kwa Laila kwa zaidi ya sentimita 10, na kwa kawaida hupigana katika uzani mdogo zaidi. Hata mimi sioni kwamba ushindi ule ndio wa kumpa Laila taji la ubora. Mfano wa pili ni Ann Wolfe. Huyu alikuwa bondia wa kutisha, na mnamo 2004 alimwangusha Vonda Ward katika raundi ya kwanza kwa konde moja ambalo watu hulirudia kulitazama mpaka leo. Watu wengi walitaka Laila apigane naye. Hawakupigana kamwe.

Wengine hujaribu kulifanya jambo hili hesabu. Husema kwamba Ann Wolfe alishindwa mara moja tu katika maisha yake, na aliyemshinda ni Valerie Mahfood, na Mahfood alipigwa na Laila mara mbili, kwa hivyo Laila angemshinda Wolfe. Jamani, ndondi si hesabu za kidato cha kwanza! Wolfe mwenyewe alirudiana na Mahfood baadaye akamshinda. Bondia aliyekushinda mwaka jana, mwaka huu unaweza kumlaza chini. Ukweli ni kwamba pambano lisilopigwa halina mshindi, wala hakuna hesabu itakayotupatia mmoja.

Basi ile sifuri ya Laila tuisomeje? Mimi naisoma kama ninavyosoma ripoti ya mwisho wa muhula. Mwanafunzi akipata A katika karatasi zote, unaweza kuuliza karatasi zenyewe zilikuwa ngumu kiasi gani. Ni swali la haki. Lakini humwambii aichane ripoti yake ati kwa kuwa hakufanya mtihani wa shule jirani. Sifuri ile inasema kwamba wote waliowekwa mbele yake walishindwa. Haisemi kwamba angewashinda wote waliokuwapo duniani. Anayeifanya iseme zaidi anatia chumvi, na anayeifanya iseme kidogo ana kijicho. Nafurahi kwamba Ukumbi wa Kimataifa wa Watu Mashuhuri wa Ndondi, ulioko Canastota, Marekani, uliwachagua wote wawili, Laila Ali na Ann Wolfe, katika kundi moja la mwaka wa 2021. Christy Martin alikuwa amechaguliwa mwaka mmoja kabla yao.

Na kuna swali ambalo rafiki yangu wa magazeti hakuliuliza. Kwa nini wapinzani walikuwa wachache hivyo? Jimbo la New York lilianza kuwapa wanawake leseni za ndondi mwaka wa 1978, tena baada ya kusumbuana mahakamani. Nchini Uingereza bodi ya ndondi ilikataa kata kata mpaka mwaka wa 1998, Jane Couch alipoishtaki akashinda. Mnajua bodi ile ilijitetea vipi? Ilidai kwamba mwanamke akikaribia siku zake za mwezi huwa hatulii, kwa hivyo hafai kupigana! Nayo michezo ya Olimpiki haikuwaruhusu wanawake kupigana mpaka London, mwaka wa 2012, wakati Laila alikuwa amestaafu miaka mitano. Sasa wewe umefunga mlango miaka mingi, watu wachache wakajipenyeza kupitia dirishani, halafu unamlaumu mshindi ati amewashinda watu wachache. Ala! Nani aliyewafanya wawe wachache?

Hoja ya tatu ilikuwa ya mwili. Ati mwili wa msichana ni dhaifu, ataharibika. Hapa nazungumza kwa uzito, kwa maana ndondi ni mchezo wa hatari kweli. Kichwa kikigongwa mara nyingi ubongo huumia, na mabondia wengi wamezeeka wakiwa hawawezi kukumbuka mambo. Lakini ubongo wa mvulana haukutengenezwa kwa saruji. Ikiwa hatari ndiyo sababu ya kukataza, basi wakatazwe wote. Na ikiwa wavulana wanaruhusiwa kwa masharti, yaani kofia ya kukinga kichwa, kinga ya meno, mwalimu aliye macho na mazoezi yasiyo ya kuumizana, basi masharti hayo hayo yanamtosha msichana. Sheria haina budi kuwa moja. Msumeno hukata mbele na nyuma.

Sasa nirudi nyumbani, maana mgala muue na haki umpe. Sisi Wakenya tunajivunia ndondi. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka wa 1988. Wasichana wetu nao hawakulala. Miaka ya 2000 jina la Conjestina Achieng lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na wanaume wazima walikesha kumtazama akipigana. Elizabeth Andiego alituwakilisha London mwaka wa 2012. Christine Ongare alileta medali ya shaba kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2018 huko Gold Coast, Australia, ya kwanza kwa bondia wa kike wa Kenya katika michezo hiyo. Na mwezi wa Oktoba 2016 Fatuma Zarika alisafiri hadi Flint, Michigan, akamshinda Alicia Ashley mbele ya watu wasiomjua, akarudi Nairobi na mkanda wa WBC.

Nataka tumtazame Zarika vizuri. Kabla ya siku ile alikuwa ameshindwa mara nyingi. Hana sifuri kama ya Laila. Wala sijawahi kusikia mtu akisema kwamba alishinda kwa jina la baba yake. Wanawake hawa wawili nikiwaweka pamoja naona jambo moja. Mmoja aliingia kwa mlango wa mbele, kamera zikimngoja, wala hakushindwa. Mwingine aliingia kwa mlango wa nyuma, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akainuka. Wote wawili walikuwa mabingwa wa WBC. Kwa hivyo msichana hahitaji kuwa mtoto wa bingwa, wala hahitaji kuahidi kwamba hatashindwa kamwe, ndipo apewe nafasi ya kujaribu.

Hapo ndipo ninaporudi kwa wale wanane. Walimu wetu wapendwa, kila Jumamosi alasiri wavulana hufanya mazoezi ya ndondi ukumbini. Shule ina jozi sita za glavu, nazo hulala katika stoo ya michezo siku nyingine zote. Muhula wa kwanza wasichana wanane waliandika barua kwa adabu wakiomba kujiunga. Jibu walilopewa ni kwamba waende wakacheze netiboli. Netiboli ni mchezo mzuri, sina neno nao. Lakini wawili kati yao tayari wamo katika timu ya netiboli, na barua yao haikuuliza habari za netiboli.

Msinielewe vibaya. Mimi mwenyewe sina haja na ndondi. Hata mpira wa wavu hunishinda, na wanaonijua watacheka wakisoma haya. Sidai pia kwamba katika wale wanane kuna Laila au Zarika. Huenda wiki ya pili watano wataacha kwa maumivu ya mikono. Huenda wote wanane wataacha. Wavulana je? Walipoanza walikuwa ishirini na wawili, sasa wamebaki tisa, wala hakuna aliyewaambia kwamba ndondi si mchezo wa mvulana.

Ombi langu ni dogo. Wapewe saa moja ya Jumamosi baada ya wavulana, glavu zile zile, mwalimu yule yule na masharti yale yale. Wazazi waandikiwe barua, atakayekataa akatae. Mwisho wa mwaka tuhesabu waliobaki, kisha ndipo turudie ule mjadala wetu tukiwa na kitu cha kusemea. Waungaji mkono wa hoja wasiogope. Ikiwa kweli ndondi si mchezo wa msichana, wasichana wenyewe watakuja kutuambia.

Laila alipata bahati ya kuzaliwa na ufunguo mkononi. Wenzetu wanane wanabisha hodi. Atakayeshindwa na ashindwe ulingoni, asishindwe mlangoni.

Ni hayo tu. Tukutane katika toleo lijalo, inshallah.